Upinde wa Mvua Ndani ya Jicho

Papa wangu mpendwa,

Siku niliyokukana nilikuwa darasa la kumi, mwaka 2011, pale Queensburgh, ugenini tulikohamia. Ulivaa kizibao chako cha njano, ukiongoza magari kuegesha mbele ya duka la dawa, wewe uliyefundisha biolojia Bukavu miaka kumi na minne. Rafiki zangu wakauliza, "Yule anayekupungia mkono ni nani?" Nikasema simjui, na ulikuwa karibu vya kutosha kusikia. Mkono wako ukashuka, ukajifanya unaita gari.

Jioni ulirudi na kitabu chenye picha za mwili wa binadamu. Bibi mmoja Mhungaria, mjane wa daktari, alikupa baada ya kugundua kwamba mlinzi wa gari lake anajua kazi ya kongosho. Chote Kihungaria, na sisi hatukujua hata neno. Lakini picha zile ulikuwa umezichora ubaoni mara zisizohesabika. Kwenye mchoro wa jicho, karibu kila tabaka jina lake lilimalizika kwa hártya. "Basi hiyo ni utando," ulisema, ukicheka peke yako. Neno moja tu, szivárványhártya, mwanzo wake ulikuwa umekushinda, ukamuuliza bibi palepale alipokupa kitabu. Ni upinde wa mvua. Na jina hilo la upinde, alikwambia, limetokana na kunyonya, kwa kuwa wazee wao waliamini unafyonza maji ya mito.

Ukanisimamisha dirishani, ukiniita mama kama kawaida yako. "Usipepese, maman. Hii duara ya rangi, iko upinde wa mvua. Inakunywa mwangaza. Kila mutu iko nayo, hata mwenye hajui."

Sasa nasomea kupima macho. Kila nikisogeza taa kwenye jicho la mtu naona nyuzi za kahawia na dhahabu zikijikunja kupokea mwanga. Nawastaajabia watu wa mbali waliotazama kitu hichohicho wakakiita hivyo. Nakustaajabia zaidi wewe, uliyewafikia kwa kulinganisha picha, baada ya kusimama juani kutwa nzima.

Hukutaja lolote kuhusu mchana ule. Nami sikuomba msamaha, nikidhani muda upo, mpaka mwaka jana tukakuzika. Naomba sasa, Papa. Nilikukana saa nane mchana, na kabla jua halijazama ulikuwa umenishika kidevu, ukiniambia kwamba katika miaka yako yote ya kufundisha hujaona macho mazuri kama haya.

Pumzika vyema.

Binti yako, mtoto wa mwalimu