Mdomo wa Bibi Unacheza, Sauti Hamna

S.L.P. 117,
Singida.
11 Juni 1995

Mpendwa mwanangu Kauthar,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Natumaini kifua kimepona na baridi ya huko Ujerumani imekuachia kidogo. Sisi hatujambo, kwa kipimo cha mwaka huu.

Mvua ilikata mapema. Magunia matatu ya alizeti yaliyokuwa yananipa madebe mawili na nusu, sasa hata mawili hayafiki, na mafuta ya kutoka nje yamejaa sokoni kwa bei ambayo mashine yangu haiiwezi. Mlinzi nimempunguza, nalinda mwenyewe. Si kitu, nilianza kazi hii kwa kukamua kwa kinu, wala hakuna aliyenishika mkono.

Bibi yako yu hai. Tangu kile kiharusi cha mwezi wa pili, upande wa kulia hauna kazi na ulimi umelala. Uji anakunywa, watu anawatambua. Neno hatoi.

Sasa nije kwenye filamu yako.

Mkanda ulipofika nilimkodi Abdulmajidi, yule mwenye ukumbi wa video karibu na stendi. Tukapakia televisheni, deki na jenereta kwenye pikapu mpaka Mgori, nyumbani kwa bibi yako. Nyumba ilijaa hadi uani, na sababu unaijua. Desemba ulipokuja na ile kamera ndogo, bibi yako alitutoa wote nje, hata mimi, akakaa mbele yako akasema. Jana yake alikuwa ameniambia kwamba habari ya shamba la kule msituni ataisema mara moja tu, kwenye mashine ya Kauthar, asije mtu akamgeuzia maneno. Maana baba yako mdogo Mselemu alikuwa ameshaanza mazungumzo na Mazengo, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kintinku, amuuzie ekari zote kumi na mbili. Mimi sitaki liuzwe, na sijaficha. Mwenye shamba anataka nini, alikwambia wewe.

Hata alipougua, kila tukimuuliza habari ya shamba alikuwa anatuonyesha picha yako ukutani. Tulidhani amekukumbuka.

Basi tukamwegemeza kwa mito, tukakaa. Picha ikatoka: mdomo wake, umejaa kioo kizima. Unacheza. Halafu vidole. Halafu mdomo uleule tena, taratibu, kisha umepinduliwa juu chini. Mselemu akamwambia Abdulmajidi, "Ongeza sauti bwana, mama anaongea." Abdulmajidi akazungusha mpaka mwisho, ukatoka mvumo mtupu. Mtu huko nyuma akauliza kama bibi anatafuna karanga, watu wakacheka.

Bibi yako hakucheka. Alinyanyua mkono wa kushoto akaushika mdomo wake, akautazama ule wa kwenye kioo. Filamu ilipoisha akageukia ukuta. Siku mbili hakupokea uji. Nikamchukua nikamleta kwangu hapa mjini. Picha yako nimeitundika mbele yake, lakini hainyooshei kidole tena.

Barua yako ya maelezo ilinifikia wiki iliyopita, ndipo nikaelewa. Unasema kamera ile hainasi sauti, na hata ingenasa ungeiondoa, kwa sababu mwalimu wenu anawafundisha kujaribu, mtu autazame mdomo bila maneno aone atapata nini. Unasema umepewa alama themanini na moja kati ya mia. Hongera. Lakini mwanangu, huku kila mashine iliyowahi kuingia inasema. Redio inasema, kaseti inasema, video inasema. Nani angewaza kuna mashine inayokodoa macho na masikio haina? Ulipaswa kumwambia. Ni sentensi moja tu.

Nikajipa moyo kwamba masikio yako angalau yalikuwepo. Kumbe alisema kwa Kinyaturu. Angesema kwa nini kingine? Kiswahili cha bibi yako ni cha sokoni na cha kupokelea wageni, jambo zito hajawahi kulisema kwa lugha hiyo. Nawe uliyekulia Tanga ukawa unaitikia kwa kichwa, asije akakatiza, kwa kuwa mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Alipomaliza akakushika mikono yote miwili, ukaona ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Kauthar, alikuwa anakukabidhi.

Hata hayo ningeyameza. Lililonikaba ni pale chini ulipoandika, "Shangazi, niambie ungependa awe amesema nini, nami nitawaandikia wazee hivyohivyo."

Kikao cha ukoo ni tarehe ishirini na tisa mwezi wa saba. Ukiandika kwamba alikataa, wataamini, kwa sababu ulikuwa naye peke yako. Shamba litabaki, Mselemu atanyamaza, Mazengo atarudi kwao. Nimeipiga hesabu hiyo kila upande na jibu linanipendelea. Ila huenda alisema liuzwe. Huenda alisema apewe Mselemu alime. Huenda alikuwa anamwombea marehemu baba yako tu, shamba hakuligusa. Mimi sijui, nawe hujui, na anayejua yuko chumba cha pili, nasikia anavyopumua.

Andika ukweli. Waandikie wazee kwamba alisema, ulisikia, hukuelewa. Weka saini yako. Barua ya ndege inachukua karibu wiki tatu, kwa hiyo usiiache mezani. Najua tutashindwa. Wazee ni saba, na watano wameshakula nyama ya Mazengo. Acha liuzwe kwa midomo yao. Mdomo wa mama yangu tusiutie maneno, mimi na wewe.

Ukimwandikia mama yako Saada, mpe salamu zangu nyingi. Mselemu naye anakusalimu, anasema filamu ya pili uweke ngumi. Jirani yetu Luciana anakuombea mitihani yako.

Mwenyezi Mungu akufungulie elimu hiyo, akurudishe salama bibi yako angali anapumua. Ukija, mkae naye tu, na kamera ibaki huko.

Ni mimi shangazi yako, mwenye hasira nawe na mwenye kukupenda vilevile,

Fatu