Jina Langu Ulilolifuta

Kariakoo, Dar es Salaam

Heriel,

Mama yako hajambo, na duka lake la vitenge limepakwa rangi upya. Salamu zangu usizitafute humu.

Ule msimbo wa kompyuta niliouandika wa kutengenezea tovuti za maduka niliuweka mtandaoni ili watengeneza tovuti wenzangu wautumie bure. Niliomba jina langu libaki tu. Wewe ukalifuta, ukaandika lako, ukausambaza kama kazi yako. Jana nilienda kwenye kampuni moja eneo la Posta kuomba kazi, nikawaonyesha msimbo wangu. Bosi akacheka: “Dada, hii kazi ya Heriel umeiiba wapi?” Nilitoka bila kuaga.

Shangazi, huyo mama yako, ananisihi nikusamehe, eti sisi ni damu moja. Nimemwambia harusini kwangu aje bila wewe.

Mimi binamu yako, niliyekufundisha kazi hii,
Joyceline