Ulipoigiza Msaragambo Ndivani

Mdogo wangu Eliamini,

Huku kijijini Mamba tuko wazima, ila ndiva imejaa tope. Lile bwawa lililonywesha mashamba ya babu zetu, leo ukisimama katikati maji hayakufiki magotini. Mfereji wangu umekauka wiki ya tatu hii, na unajua tangawizi ndiyo mume wangu, ndiyo pensheni yangu.

Nina kinyongo na wewe. Acha nikiseme, maana tangu mwanangu Neema aolewe kule Mwanga humu ndani hakuna wa kuninyamazisha.

Lile igizo lako la mwisho. Ulipiga baragumu la msaragambo, watu wakaja na majembe wakidhani ni kazi ya kijiji, kumbe umepanga viti kwenye ukingo wa ndiva. Wasanii wako walisimama topeni na suti zao, wamebeba majembe mgongoni kwa kanga kama watoto, wakirudia maneno yaleyale: "Nina udhuru." Mmoja akalia nayo, mwingine akayaimba kama pambio. Saa nzima! Mimi nawaza suti zile nani atazifua. Uliniapisha nisimwambie mtu kwamba igizo litaisha pale tu mtazamaji mmoja atakaposhuka kuchimba. Hakushuka mtu. Watazamaji wakapiga makofi, wakaenda zao. Ukasema, "Dada, wamenipigia makofi. Basi tumekwisha." Nikakucheka, "Wasanii mna shida, hata makofi yanawauma."

Jumamosi iliyopita nilikuelewa. Nilipiga baragumu mwenyewe, tuzoe tope kweli. Wakaja watu kama sitini, jembe moja, langu. Wengine wameshika viti vya plastiki na simu.

"Mama Neema, ni kumbukumbu ya marehemu mdogo wako? Mnaanza saa ngapi?"

Nikasema jamani, ni msaragambo. Wakacheka: "Hata yeye alituambia hivyohivyo!"

Nikashuka, nikachimba. Nikawatukana. Nikalia. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Dada mtu anaweza kuliko hata mdogo wake." Kisha makofi, Eliamini. Makofi, na mimi niko topeni.

Ulitumia kwa igizo sauti ya baragumu, sauti pekee iliyokuwa bado inatutoa majumbani. Hilo ndilo kosa lako. Lakini nimepiga hesabu upya: hata kabla yako, katika kaya mia zilikuwa zinakuja kumi. Hukuwaharibu wewe. Na ningependa tubishane hapo, unikatize kama zamani, ila hupo. Nilirudi jioni na tope hadi kiunoni, hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Lala, mdogo wangu. Sitapiga tena baragumu. Kesho napita mlango kwa mlango, niombe kwa mdomo wangu. Nitaanzia kwa mzee Mbonea, ambaye tangu tugombanie mpaka wa shamba hatusalimiani. Nitamwambia shikamoo, kisha nisimame pale mlangoni mpaka aitikie.

Dada yako.