Nilimwachia, Sikumtoa

Kilifi,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Usicheke. Najua kwetu Kitui hatuamkiani hivyo, lakini pwani imenizoesha, na siku hizi hata kwa mwenye duka wa rika langu shikamoo huniponyoka. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na mvua imewafikia. Mutua aliniambia yule mbuzi mweupe amezaa. Mwambie mdogo wangu asiwe na haraka ya kuuza. Mimi ni mzima. Mjukuu wako Kadzo naye ni mzima, na hapa ninapoandika amelala nyuma yangu, mguu mmoja umetoka nje ya neti. Isome tena sentensi hiyo, Mama, kwa sababu ndiyo habari yangu kubwa.

Nimeamua kuandika kwa kuwa simu yetu ya mwisho ilitukosanisha. Uliniambia, "Waachie mtoto, wewe urudi nyumbani, bado u kijana." Nikakata simu. Sikuomba radhi siku ile na leo pia siombi, ila nataka uyajue yote, maana kwenye simu huwa unanijibu kabla sijamaliza. Hapa huwezi kunikatiza.

Unajua mume wangu Karisa alipofariki nilibaki na mtoto na kodi ya nyumba. Ile hoteli ya Watamu iliponichukua kwenye chumba cha kufulia, wafanyakazi tulilala humohumo, na watoto hawakuruhusiwa. Nikampeleka Kadzo kijijini Kakuyuni kwa wifi yangu Dama, dada yake Karisa, ambaye ana watoto wake wawili wadogo na mkono mwepesi wa kupika. Kila nilipopewa mapumziko nilikuwa huko. Nilimsuka Kadzo nywele, nikalala naye mkeka mmoja, asubuhi nikarudi kazini nikilia ndani ya gari kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Nilipopata kazi hii ya Kilifi na chumba changu mwenyewe, nikaenda kumchukua. Dama akaniwekea chai na mahamri. Nilipomaliza kunywa akaniambia mtoto haondoki, na kwamba ameshakwenda mahakamani kuomba awe mlezi wake kisheria.

Sasa hivi naijua sheria. Mzazi mmoja akifa, aliyebaki ndiye mlezi, na hahitaji kuomba ruhusa ya mtu, labda iwe amemtelekeza mtoto. Lakini siku ya kwanza ya kesi sikujua hata hilo. Nilikwenda na cheti cha kuzaliwa na picha ya Kadzo akiwa mchanga, nikiamini hakimu akiniona tu atasema mama huyu hapa, mpeni mtoto wake. Kesi za watoto husikilizwa chumbani, mlango umefungwa. Dama alikaa na wakili aliyelipiwa na ukoo mzima. Mimi nilikaa na mkoba wangu.

Wakili huyo alikuwa mtu wa adabu sana. Kiswahili chake laini, cha mjini Malindi, kila swali ameliosha kwanza.

"Mama Kadzo, pole kwa msiba. Ulipokwenda kazini, mtoto ulimwachia nani?"

"Nilimwachia wifi yangu."

"Ulimwachia kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Hapakuwa na mtu aliyekulazimisha?"

"Hapana."

"Ahsante sana, mama."

Na mimi nikamjibu, "Ahsante na wewe." Nilitoka nje nimefurahi, nikijiona nimejibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Kumbe wakili alikuwa amemgeukia hakimu na kuyasema majibu yangu kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu unakijua, ni cha sabuni na mashuka. Nilipomuuliza karani mlangoni kilichoandikwa, akaniambia bila kuniangalia: mama amekubali kwamba alimtoa mtoto kwa hiari yake. Kumtoa, Mama. Kama sadaka.

Hebu fikiria. Kuna mama gani asiyesema hivyo? Ukienda sokoni unamwachia jirani mtoto. Ukienda kujifungua mwingine, wa kwanza unamwachia dada yako. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniachia Mutua ukienda kuchota maji, na hakuna aliyesema Mutua ni wangu, ingawa namna alivyokuwa mtundu nisingemkubali hata bure. Neno la kila siku ndilo walilolitumia kunivua mtoto, na hapakuwa na mtu upande wangu wa kusimama na kusema, ngoja kidogo, mama huyu hakusema hivyo.

Watu wakaanza kunishauri. Mwenye nyumba akasema mambo ya ukoo yamalizwe kwenye ukoo. Msimamizi wangu kazini akasema wanawake wanaopenda mahakama hawaolewi tena. Halafu wewe nawe ukapiga simu. Nilikasirika, Mama. Nilikasirika hata mashuka ya wageni niliyafua kama nayapiga. Kila mtu alikuwa na ushauri wa namna ya kushindwa kwa amani.

Siku ya pili ya kesi, yule wakili alisimama tena, mpole vilevile. "Mama Kadzo, tuendelee tulipoishia." Nikasimama mimi pia. Nikasema, "Mheshimiwa hakimu, sitajibu swali lingine lolote mpaka niwe na wakili wangu."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mheshimiwa. Mwenzangu alikuja na wakili, mimi nikaulizwa jina na dini."

Wakili wa Dama akasema nachelewesha kesi. Nikamwambia ni kweli, nachelewesha, kwa sababu anayesubiri ni mimi na mtoto anayesubiriwa ni wangu. Hakimu akaahirisha kesi ili nikatafute wakili.

Kutafuta wakili usiombe, Mama. Wa kwanza alinitajia malipo ambayo sitayaandika hapa usije ukapata presha. Wa pili alisema kesi za watoto zina machozi mengi. Nikaelekezwa kwenye ofisi ya msaada wa sheria, mahali pa wasioweza kulipa. Kijana wa mapokezi akasema mawakili ni wachache na wanaoshtakiwa kwa mauaji ndio hutangulizwa. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ningeua mtu ningekuwa nimeshapata?" Nikakaa kwenye benchi na sare yangu ya kazi, na kila mara nilipotoka zamu nilirudi kukaa palepale. Mwishowe walichoka kuniruka wakipiga deki.

Ndipo nikapewa Zuhura. Ni mwanamke wa Malindi, mdogo kuliko mimi, buibui lake lina vumbi la chaki kwa sababu jioni hufundisha madrasa. Hakunipa pole wala hakunitisha. Aliniambia, "Dada, nieleze kama unavyomweleza mamako, usinieleze kama upo kortini." Nikamweleza mpaka nikafika kwenye lile neno. Akacheka, lakini si kwa kunicheka. Akasema hata yeye asubuhi hiyo alikuwa amemwachia mama yake mtoto. Kisha akaniuliza tena na tena kuhusu zile siku za mapumziko, nani aliniona Kakuyuni, nani alikuwepo nikimsuka Kadzo. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze kulikuwa na mtu anayetaka kujua kilichotokea.

Siku ya kusikilizwa, Zuhura alimhoji Dama. Nilidhani atamkaripia, na nisifiche, nilitamani amkaripie. Yeye akamsalimu vizuri, akamuuliza hali ya barabara ya Kakuyuni baada ya mvua. Halafu akasema, "Wanao leo umekuja nao?"

"La, ni wadogo. Wako nyumbani."

"Wako na nani?"

"Nimemwachia jirani."

"Umemwachia kwa hiari yako?"

Wakili wa Dama alianza kusimama, hakimu akamwashiria akae.

"Nakuuliza tu, dada yangu," Zuhura akasema. "Ukirudi leo, ukute jirani amefunga mlango, akwambie uliniachia mwenyewe, kwa hiari yako, hawa sasa ni wangu. Utamwambiaje?"

"Nitamwambia ana wazimu," Dama akasema polepole. Kisha akanigeukia mimi, si hakimu, na machozi yakamtoka. "Mama Kadzo, mimi sikutaka kukunyang'anya. Nilijua utampeleka kwenu Ukambani, akue hatujui. Karisa hatunaye. Huyu ndiye tuliyebaki naye."

Sikujua nifanye nini na maneno hayo, Mama. Ningemchukia kwa raha zaidi kama angekuwa mbaya. Nilimjibu palepale, ingawa Zuhura alinivuta nguo ninyamaze: nikamwambia angeniuliza siku ile tulipokunywa chai ningemjibu, kwamba sina mpango wa kumhamisha mtoto, na kwamba hakuna shangazi anayehitaji kesi ili atembelewe. Hakimu akatuacha tuseme, kisha akaamuru Kadzo arudi kwangu wakati uamuzi unasubiriwa, na Dama awe anamwona likizoni. Afisa wa watoto amekuja kukikagua chumba. Alibonyeza godoro, akafungua sufuria, akauliza mtoto anasoma wapi, akaondoka ameridhika kwa namna ya watu wasiopenda kuonekana wameridhika.

Hukumu bado, lakini. Na hapa ndipo panapokuhusu wewe.

Kabla hatujatoka, wakili wa Dama alimwambia hakimu kwamba ana jambo moja zaidi. Akasema hata mama mzazi wa mdaiwa, yaani wewe, amezungumza kwa simu na wazee wa ukoo na kukubali kwamba mtoto abaki kwao. Nilisikia jina lako likisomwa mle ndani, jina lako lote, na la babangu, na la kijiji chetu. Sikuwahi kufikiri kwamba nitalisikia upande ule. Zuhura akapinga, akasema maneno ya simu hayana shahidi. Wakili akajibu kwamba basi watakutafuta useme mwenyewe.

Nakujua, Mama. Ulikuwa unatafuta amani. Watu wazima walikupigia kwa heshima, wakakuuliza habari za mvua na mifugo, wakasema binti yako anateseka peke yake huku mbali, nawe ukajibu kama mzazi mwenye huruma. Hawakukudanganya. Walikusikiliza tu kwa masikio ya kesi. Ndivyo walivyonifanyia mimi, kwa upole uleule, na nilishukuru.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kama mtu mzima mwenzako. Wakikupigia tena, usieleze. Usiseme nimeteseka, usiseme mimi ni mama mzuri, usisome hata aya ya Biblia. Waambie, "Mwanangu ana wakili, zungumzeni naye." Kisha ukate simu. Utajisikia umekosa adabu. Kaa na hiyo hali, itapita. Mimi nimekosa adabu mwaka huu mzima na mtoto wangu amelala hapa.

Sitarudi Kitui kuishi. Uamuzi ukitoka vibaya tutakata rufaa, Zuhura ameshaniambia njia, nami kazi ya kukaa kwenye benchi naiweza. Siku hizi nikipita pale mahakamani na kumkuta mzazi amekaa peke yake na mkoba wake, namwambia aombe wakili kabla hajajibu neno lolote. Karani ameanza kuniita mchochezi. Nimemwambia nitaleta na chai.

Nisalimie Mutua, na mjomba anayekusaidia kulima, na shangazi wa kanisani aliyeniombea mchumba. Mwambie ombi lake asilisitishe ila asiniharakishe. Kadzo ameniagiza nikwambie amejifunza kuandika jina lako. Amelianza kutoka mwisho, lakini herufi zote zipo. Likizo tutakuja wote wawili, na tutaondoka wote wawili.

Ni mimi mwanao,
Mwende, mama yake Kadzo.