Wimbo wa Unyago Mbele ya Wavulana

Jumanne, Newala

Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia kidato cha tatu walete mashairi ya kwao, kwa lugha yoyote. Tulianza vizuri na shairi la Kijapani nililowasomea, fupi kama kitendawili, wakalipenda. Kisha Somoe wa Mkunya akasimama, akaanza kuimba wimbo wa unyago, ambao mwanamume hatakiwi kuusikia.

Wasichana wakapiga kelele: "We Somoe, funga mdomo! Unatuvua nguo?"

Wavulana wakacheka: "Mwacheni, madamu karuhusu!"

Madamu, mimi! Nimemaliza shule juzi tu, najitolea. Wimbo niliutambua tangu neno la kwanza, lakini nilichelewa kumzuia.

Mkuu wa shule kapata habari, amesema nifundishe ya kitabuni tu, la sivyo nibaki nyumbani. Naogopa. Lakini tukiacha ya kwetu, watoto watadhani Wajapani wana mashairi na sisi hatuna.

Kesho naenda kwa Mama Zainabu, nyakanga aliyenifunda. Nitapiga goti, nimpe shikamoo, nimuulize nyimbo zipi zinaimbwa hadharani. Akinipa hata mmoja, nitaingia ofisini kwa mkuu na kumwimbia mimi mwenyewe.