Shangazi, Nilipanda Juu ya Nyumba ya Baba

Shangazi yangu mpendwa,

Baba amepona. Nimeanza na hilo makusudi, ili mjukuu wako anayekusomea asikatizwe njiani na yale maswali yako. Amepona, anakula, na leo asubuhi amegombana na jogoo wa jirani. Kwa simu ningekueleza kwa dakika moja, lakini wewe na simu mnajuana: ikiita unaifunika na mto. Basi kaa huko Sengerema kwa mwanao, usomewe.

Unakumbuka siku ile kwenye ofisi ya kata hapa Buswahili, walipokuja watu wa mafunzo ya uanagenzi ya serikali? Nilikuwa nimekaa nyumbani tangu nimalize kidato cha nne, naanika mihogo na kuanua mihogo. Yule dada mshauri akaniuliza napenda kazi gani. Nikasema ushonaji, maana wasichana wote mbele yangu walikuwa wamesema ushonaji. Wewe, ambaye hukuulizwa, ukadakia: "Huyu? Huyu akishika sindano anasinzia! Mwandikeni umeme. Redio ya kaka yangu aliifungua akiwa mdogo hivi, na ikaimba." Dada wa watu akacheka, akaniuliza tena, taratibu, kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Sijui ningekuwa wapi leo kama ungenyamaza, lakini wewe kunyamaza ni lini?

Nikaenda Musoma, nikapanga chumba Kigera. Siku nyingine nipo darasani, siku nyingine nipo kazini kwa Fundi Shabani, mzee asiyejua kusifu. Umalize kazi safi namna gani, yeye atasema, "Haijaungua. Haya, twende." Nilimpenda hivyo hivyo. Nikajifunza kufunga sola, nikawa napanda mapaa ya watu kama ngedere. Mapaa ya watu, Shangazi. La kwetu sikuliwaza.

Halafu ukaja mtihani wa mwisho. Kazi nzima uifanye mwenyewe, mtathmini wa chuo akikutazama, na Fundi kwa nia njema kabisa akanipangia nyumba yetu. Yeye angejuaje kwamba kwetu binti akipanda juu ya nyumba ya baba yake aliye hai ni kama anamtakia kifo? Nisipopanda, nimefeli. Nikipanda, namuua baba.

Baba mdogo alisimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni. "Binti hapandagi. Akipanda huyu, mje na majembe kabisa, mchimbe kaburi la kaka." Mtathmini, mgeni wa mkoa huu, akauliza kama ngazi ni mbovu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anatazama chini. Ndipo ukatoka jikoni, unga mikononi.

"We, huyu anaitwa nani?" ukamuuliza baba mdogo.

"Si Nyangeta."

"Nyangeta ni nani?"

Hukumsubiri ajibu.

"Ni mama yetu! Jina lake nilimpa huyu mimi mwenyewe. Ukiwa na njaa unamwitaga mama, mama naomba ugali. Leo anataka kazi, amekuwa binti? Mama akipanda nyumba ya mwanawe kuna ubaya gani? Toka hapo kwenye ngazi!"

Baba mdogo akasogea pembeni.

Nikapanda. Mikono ilijua kazi, na nikafaulu. Ila tangu siku hiyo baba aliacha kuniita mama, akawa ananiita "wewe" tu. Nikawa sijui kama alikubali au alishindwa tu na dada yake.

Wewe ukasafiri. Mvua hazijakatika, baba akaanza homa, akakohoa mpaka akashindwa kukaa, tukamkimbiza hospitali Musoma. Daktari akasema ni nimonia. Masikio yalisikia nimonia, moyo ukasikia paa. Baba mdogo alinitazama tu, heri angenitukana. Fundi Shabani akapiga simu, kuna kazi Murangi na mwenye nyumba ananitaka mimi. Nikamwambia atafute mwingine. Nilikuwa nimeshaapa kwamba Mungu akimponya baba, mguu wangu haukanyagi bati tena maishani. Kazi niliyoisomea nilikuwa nimeizika, Shangazi, na sikumwambia mtu.

Juzi tumemrudisha nyumbani. Kufika tu, baba mdogo akaegemeza ngazi, anasema anaing'oa ile paneli ya sola niliyoifunga kabla balaa halijarudi. Sikumzuia. Hata spana nilimpa mimi.

Baba, aliyekuwa bado anatembea kwa kushikwa mkono, akasimama uani. "Unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Naondoa hiki kitu, kaka. Ndicho kilichokuangusha."

"Mimi niliangushwa na mvua ya shambani. Nilipigwa siku nzima, mlikuwepo? Shuka." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, kwa nini hauko kazini?"

Mama! Mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile ya ukali wake! Nililia, nikacheka, nikalia tena. Nilikuwa nimebeba mzigo mzito, nikautua pale pale uani. Baba mdogo alishuka polepole, akanirudishia spana bila kunitazama.

Nilimpigia Fundi Shabani. Akasema hakumtafuta mwingine, eti hakupata nafasi. Kesho alfajiri nakwenda Murangi. Baba ameng'ang'ania kunisindikiza mpaka barabarani, na mkoba wa vifaa anasema ataubeba yeye.

Ubaki na amani, Shangazi. Njoo mvua zikiisha.

Mtoto wa kaka yako,
Nyangeta