Kiduha cha Mjukuu Wangu

Jumatatu, 2 Novemba 1953

Nimelima matuta sita kabla jua halijawa kali. Vijana wa Kwihara walikuwa bado wamelala. Miaka yangu sabini na ushee, na jembe hakuna anayeniweza. Naandika mwenyewe pia. Bega hili lilibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, kalamu ndiyo itanishinda?

Leo mjukuu wangu Yohana kaanza kazi Tabora. Kamaliza chuo Uganda, sasa yuko maabara, nyumba ya kuchunguza mimea. Kapewa koti jeupe. Bibi yake kapiga vigelegele mpaka mbwa kakimbia. "Mume wangu kawa daktari!" Nikasema daktari wa majani. Akasema, "Na wewe majani yako ni ugoro tu." Furaha imenijaa, ugali haukupita.

Jumamosi, 5 Desemba

Yohana kaja kutafuta mbegu za mtama. Kapewa kazi ya kiduha, lile gugu la maua mekundu linalonyonya mtama mizizini. Anataka kujua mtama gani unakikataa. Mkuu wake, Mwingereza, kamwambia kazi hii ndiyo itakayoamua kama atabaki au atarudi nyumbani.

Nimempa mbegu ya mama yangu. Nikamwambia asihangaike na nyingine. Hakusikia, kaidi kama mimi. Kachukua ya Urambo, kachukua na ya Kigwa kwa shemeji yangu Maganga. Maganga! Mtama wake mwekundu, mchungu, hata ndege wanaususa. Mwenyewe anausifia kama binti anayeposwa.

Jumatano, 17 Februari 1954

Nimeharibu.

Nilimpelekea Yohana karanga. Sikumkuta, kaitwa ofisini. Nikazunguka nyuma ya maabara. Chini ya paa la bati, madebe ya mtama yamepangwa safu tatu, kila safu na kibao chake. Kwihara. Urambo. Kigwa. Nilivisoma vyote mwenyewe.

Na kiduha kimejaa! Aibu ikanipanda. Mjukuu wangu, msomi, hapalilii? Mzungu akiona atasema nini? Nikachuchumaa, nikang'oa. Chote. Kila debe nikaliwekea gugu lake chini yake, chungu chungu. Ndivyo tulivyofanya safarini, mzigo wa mtu hulazwa mbele ya mwenyewe, usichanganyike.

Nilipomaliza nikatazama. Chungu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Kwihara. Mtama wa mama yangu! Kwa Maganga mashina machache tu, ya kuhesabu kwa vidole.

Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikachota konzi mbili za kwetu, nikamwekea Maganga, chetu kikabaki kidogo kuliko vyote.

Yohana akaja. Akashika kichwa. Kumbe kiduha alikipanda yeye, makusudi, mbegu yake laini kama ugoro. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kukihesabu. Kisha akaona vile vichungu, kila kimoja kwenye debe lake. Akapiga magoti akaanza kuhesabu. "Babu, umeniua, ukanifufua!" Akanikumbatia.

Sikusema habari ya konzi mbili.

Alhamisi, 18 Februari

Sijala. Mke wangu kauliza kama naumwa. Nikasema jino. Sina jino upande huo.

Yohana atapeleka hesabu ya uongo, na uongo ni wangu. Wakulima watapanda mtama wangu na kiduha kitaunyonya wote. Naye atafukuzwa. Nina hasira na Maganga, lakini Maganga hajafanya kitu.

Ijumaa, 19 Februari

Nimetembea mpaka Tabora, sikupumzika njiani. Wako vijana wa baiskeli nimewafikia.

Nilitaka nimwambie Yohana pembeni. Mwingereza alikuwa kasimama hapo hapo, karatasi mkononi. Nikasema mbele yake. Yote, tangu kung'oa mpaka zile konzi.

Yohana kainamisha uso. Mwingereza akauliza kwa Kiswahili chake kigumu, "Mzee, kwa nini?"

Nikamjibu, "Bwana, wewe humjui Maganga."

Akacheka mpaka akavua miwani. Yohana akacheka. Nami ikabidi.

Kiduha kikivutwa hukatika, vishina vilikuwa bado udongoni. Tukahesabu upya sote watatu, debe kwa debe. Macho yangu yaliona vishina viwili vilivyowapita msomi na mwalimu wake. Wa Kigwa umeshinda, wa kwetu wa mwisho. Nimeweka alama ya kalamu yangu kwenye karatasi ya Mzungu. Jina kamili, si dole gumba.

Jumatatu, 1 Machi

Barua imefika! Yohana anabaki. Kazi ni yake!

Mke wangu kacheza uwanjani na mwiko wa ugali mkononi. Jirani wamekuja na pombe. Nimecheza kushinda vijana wote, goti linauma, liume tu. Yohana kaimba wimbo wa wapagazi niliomfundisha, sauti mbaya sana. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 20 Juni

Mavuno yamekwisha. Baada ya kanisa nimepanda treni mpaka Kigwa, na kibuyu kitupu.

Maganga alikuwa kakaa kivulini anapukuchua. Habari alikuwa nazo zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli zake, na majibu ninayo ya kutosha. Nikasema, "Shemeji, naomba mbegu." Hilo tu.

Hakucheka. Akanikaribisha maji. Akakijaza kibuyu mpaka mtama ukamwagika, kisha akainama kuokota punje zilizoanguka, moja moja.

Nami nikainama.